Tiketi Bado ni Halali

Baba yangu alimsikiliza yule mwimbaji ujana wake wote, ila kwa kupitia ukuta. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa Moshi mjini, na kila bendi ilipofika na mwimbaji wake huyo, kiingilio kilikuwa mshahara wa siku tatu. Basi baba alivaa shati lake jeupe, akaenda kuegemea ukuta wa nyuma wa ukumbi, upande wa jiko la nyama choma, akasikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Wenzake walipanda mti wakachungulia dirishani. Yeye mpaka leo anasema mti ni wa nyani, mtu mwenye shati jeupe huegemea ukuta.

Mashine za kukobolea zilimla masikio polepole. Alipostaafu na kurudi Kirua Vunjo kwenye kihamba chake, kwenye migomba na kahawa na ng'ombe wake mmoja mwenye kiburi, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto lilikuwa linaaga. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni, baba akakataa habari za pembeni, akasema kama habari ni yake aambiwe yeye. Daktari akainama kwenye sikio la kushoto akamwambia, "Mzee, kama kuna kitu unatamani kukisikia, usikicheleweshe sana."

Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Akakivaa siku mbili. Akasema kinamletea jogoo wa jirani na kumwacha mwanadamu, akakitia kwenye kopo la sukari, na kiko humo mpaka leo.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia anachotamani kukisikia. Hakutaja sauti ya wajukuu, wala kwaya ya parokia, wala mimi mwanawe. Alisema, "Nataka kumsikia yule bwana mara moja bila ukuta."

Na kama bahati, miezi michache baadaye mabango yakabandikwa mji mzima. Yule bwana, ambaye sasa naye ni mzee mwenye nywele za kupaka dawa, alikuwa anafanya ziara ya kuwaaga mashabiki, na Moshi imo. Wanamuziki wetu huaga kama mgeni wa kijijini: anasimama, anachukua kofia, anaaga, halafu anakaa tena kumalizia chai. Lakini kwa sikio la baba hatukuwa na muda wa kufanya dharau.

Bei sasa. Kawaida elfu thelathini, maana yake usimame kwenye matope nyuma ya nguzo ya taa. VIP laki moja, maana yake kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe. Juu ya hapo kulikuwa na meza ya milioni, ambayo sikuuliza maana yake, kwa sababu kuna maswali ambayo fundi cherehani wa barazani haulizi. Mimi nilitaka kawaida. Baba akasema kawaida ni ukuta mwingine. Anataka kukaa mbele, kushoto, sikio lake likiangalia spika. Akauza beberu aliyekuwa anamfuga kwa ajili ya Krismasi. Kwa Mchaga kuuza mbuzi wa Krismasi ni jambo la kuitiwa kikao, na shangazi yangu, dada yake, anayeishi kihamba cha pili tu ng'ambo ya uzio, alikuja kukiitisha. Baba akamjibu, "Mbuzi nimemla miaka sabini. Huyu sijawahi kumsikia."

Nikanunua tiketi mbili za VIP. Halafu nikamshonea suti ya kijivu, maana suti yake ya zamani ilikuwa imebaki na heshima tu, kitambaa kilishaondoka. Bega lake la kushoto limeshuka kwa sababu ya kubeba magunia, ikabidi nilipandishe kwa pamba kidogo. Alipojitazama kwenye kioo cha shangazi alisema amefanana na mtu ambaye hawezi kuzuiwa mlangoni.

Onesho lilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Jumamosi Kuu ukaja ujumbe kwenye simu: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, onesho limeahirishwa. Tiketi zenu bado ni halali." Nikapiga ile namba kudai hela yangu. Akapokea kijana mwenye sauti laini ya watu wanaolipwa kwa kutukanwa. Akaniambia, "Dada yangu, ungesoma nyuma ya tiketi." Nyuma ya tiketi kulikuwa na maandishi madogo ambayo hata mimi, ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani, niliyasoma kwa kuyasogeza dirishani. Yalisema hela haitarudi. Hayakusema samahani.

Tarehe ya pili ilikuwa mwezi wa saba. Siku hiyo tulifika mpaka uwanjani, tukakaa kwenye viti vyetu vyenye vitambaa kuanzia saa tisa alasiri, baba kwenye suti yake, sikio la kushoto likielekea spika kama tulivyopanga. Mshereheshaji akapanda jukwaani akauliza, "Moshi mpooo?" Tukaitikia tupo. Baada ya robo saa akauliza tena. Niliacha kuhesabu baada ya mara ya kumi na nne. Sisi tulikuwepo wote, aliyekuwa hayupo alikuwa mmoja tu, na swali hilo hakuulizwa. Jua lilipokuwa linazama wakatangaza kwamba ndege imepata hitilafu. Wakati huohuo fundi mwenzangu akanirushia picha ambayo yule bwana alikuwa ameiweka mtandaoni dakika chache zilizopita, anakula samaki katika mji mwingine, ametabasamu mpaka magego; nikamwambia baba sikioni.

Watu walirusha chupa. Baba alikikunja kitambaa cheupe cha kiti chake, akakiweka juu ya kiti vizuri, akaniambia twende. Njiani akasema, "Samaki alikuwa mkubwa?" Nikasema mkubwa. Akasema, "Basi labda alishindwa kummaliza."

Mwezi wa tisa wakatuahirisha tukiwa tumeshafika barabara kuu, tumevaa, tumejipaka mafuta. Ujumbe ulikuwa uleule, hata nukta hawakubadilisha. Baba alicheka. Alisema huyu si mwimbaji, ni mvua ya vuli. Mimi sikucheka. Kule barazani mjini, tunakokaa mafundi sita na vyerehani vyetu, nilikuwa nimeshapewa jina la VIP. Mteja akija wananiitia kwa sauti, "VIP, una mgeni!" Halafu wanamnong'oneza mteja kwa sauti kubwa zaidi, "Suti yako atakushonea, ila inaweza kuahirishwa." Nilicheka nao mwanzoni. Kisha nikaanza kuudhika, na mimi nikiudhika ulimi wangu unakuwa na makali kuliko mkasi. Kila bango la yule bwana nililopita nililitolea maneno ambayo padri wangu ameshayasikia yote.

Kwa hiyo walipotangaza Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa nimeshaapa. Ilikuwa ile Jumamosi ambayo Wachaga wote wa duniani wako njiani kurudi nyumbani, magari yamejipanga, kila mtu amebeba mchele na maneno. Mimi nilikuwa nimepanda Kirua tangu jana yake, kumsaidia baba kupaka nyumba chokaa kabla ndugu hawajafika. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, wakati baba alipotoka ndani.

Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Amenyoa. Tiketi mbili zilikuwa zinachungulia kwenye mfuko wa kifuani, zimechakaa kwenye mikunjo kama noti za sadaka.

"Unakwenda wapi, baba?" nilimuuliza kwa sauti ya juu, maana kwa wakati ule alikuwa anahitaji sauti ya juu, lakini bado alikuwa anasikia.

"Saa kumi kamili," alisema. "Wameandika saa kumi kamili."

Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia wale ni matapeli, wametupiga changa la macho mara tatu na sasa wanataka la nne. Nikamwambia, "Baba, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Akafikiri. Akasema, "Basi huyo atalala chini, mama. Mikeka husukwa kwa ung'ongo."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angeshuka kwenye ngazi, akanawa chokaa, akamshika mzee mkono wakashuka mjini, na kama ni kuahirishwa waahirishwe pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimeshachoka, na nitasema wazi kilichonichosha: haikuwa barabara wala hela. Nilichoka kuchekwa. Nilijiona nikirudi barazani Jumatatu, wale watano wakiniuliza ndege imepata hitilafu gani safari hii. Nikamwambia baba, "Kama unataka kwenda nenda peke yako. Mimi sitakaa tena kwenye kile kiti kama mwali."

Nilijua hawezi kwenda peke yake. Asingesikia kondakta, asingesikia honi, asingesikia mtu akimwelekeza mlango. Nilijua, na nilisema hivyohivyo.

Alisimama kidogo uani. "Una hakika hawaji?" aliniuliza.

"Nina hakika," nilisema, nikageukia ukuta wangu.

Alirudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amevaa gumboti na koti la kazi, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Suti aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Na mimi, Mungu anisamehe, niliendelea kupaka chokaa nikipiga mluzi, maana nilijiona nimemwokoa mzee wangu.

Asubuhi yake tulikuwa tumetoka Misa ya kwanza, tumekaa na shangazi tunakunywa chai, simu yangu ikaanza kutetemeka. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayelima mpunga kule Chekereni. Alikuwa ametuma video sita. Nilifungua ya kwanza. Yule bwana alikuwa jukwaani. Si picha, si bango. Mwenyewe, na jasho lake.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, onesho lilianza kwa wakati. Saa kumi kamili, binamu aliandika, na akaweka alama za kucheka. Watu hawakuja. Mji mzima ulikuwa umejifanya mjanja kama mimi, umekaa nyumbani unacheka. Viti vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa vitupu mistari mizima, na waandaaji kwa aibu wakafungua milango, wakaita wapita njia waingie bure. Binamu yangu alikuwa mjini kununua mbolea. Akaingia na mfuko wake wa mbolea, akaketi mbele, kushoto, karibu na spika. Yule bwana akaimba kwa muda wa saa tatu bila kupumzika, labda kwa sababu na yeye aliona haya.

Sikujua nifiche simu au niirushe kwenye migomba. Baba alinyoosha mkono. Nikampa. Akaiweka kwenye sikio la kushoto. Akaihamishia la kulia, akairudisha la kushoto, akaikandamiza. Mimi niliyekaa upande wa pili wa meza nilikuwa nasikia kila neno. Yeye alikuwa anasikia vyuma tu vikikwaruzana. Mwishowe akaiweka mbele ya macho akatazama tu, mdomo wa yule bwana ukifunguka na kufungika.

"Amenenepa," alisema, akanirudishia simu.

Hilo ndilo neno pekee aliloniambia juu ya jambo lile. Krismasi ilipita, ndugu wakala mbuzi wa kununua, wakauliza mbona si yule beberu, akawaambia beberu alikwenda kwenye muziki. Wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni. Kama angenifokea ningejibu, najijua, na tungemaliza. Hakunifokea. Mwezi wa kwanza nilimpeleka tena kwa daktari. Daktari alipima, akaandika, akanitazama mimi badala ya baba, kwa sababu sasa hata pembeni hakukuwa na haja ya kwenda. Kilichobaki kilikuwa ni cha kupigia kelele. Na wiki hiyohiyo yule bwana akatangaza kwamba ameacha kuimba kabisa, na kwa ubaya wake, safari hii alikuwa mkweli.

Barazani walikuwa wameacha kuniita VIP. Nilikuwa nimewasimulia, nikitegemea wacheke, na hakuna aliyecheka. Fundi mmoja, mkubwa wetu, alizima cherehani chake akasema, "Sasa hapo mama, si wewe ndiye unayepaswa kupeleka sale?"

Kwetu ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalifikii, unampelekea jani la sale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Akiliona ameshajua. Na akishalipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ulimuulia ng'ombe. Mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nasubiri waandaaji wale waniletee sale, na waniletee kwa magoti. Haikunijia akilini kwamba jani hilo lingenihusu mimi.

Nikapanda Kirua Jumamosi na lita tano za mbege, pombe yetu ya ndizi. Ili nisichelewe nikachuma jani kwenye uzio wa hapohapo nyumbani, karibu na choo. Shangazi alikuwa ng'ambo, akaniona, akapiga kelele, "We! Unakwenda kumwomba mtu msamaha kwa jani lake mwenyewe? Si bora umwibie na kuku umpikie?" Akanichumia lingine upande wake, akalifunga fundo, akanisukuma mgongoni.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, anachambua maharage. Nikapiga goti. Nikamwambia shikamoo, halafu nikasema, "Baba, nimekukosea."

"Nini?" alisema, akiweka kiganja kwenye sikio la kushoto.

Nikapandisha sauti. "Nimekukosea, baba. Naomba unisamehe."

"Sisikii."

Nikapiga kelele mpaka ng'ombe akageuka. Nikasema kwamba nilimzuia, kwamba nilijua hawezi kwenda bila mimi, kwamba niliogopa kuchekwa na mafundi, kwamba nimemnyima kitu ambacho sina pa kukinunua. Nililia pia, na kulia huku unapiga kelele hakuna heshima yoyote. Kutoka ng'ambo ya uzio shangazi akaita, "Msamehe, bwana! Mpaka Marangu wamesikia!"

Hata shangazi baba hakumsikia. Lakini jani alilipokea, kwa mikono miwili, inavyotakiwa. Akaligeuza huku na huku. Akaangalia nyuma yake, kama mtu anayetafuta maandishi madogo. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia:

"Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, msamaha umeahirishwa. Ni Jumamosi ijayo, saa kumi kamili. Jani lako bado ni halali."

Akaendelea kuchambua maharage.

Wiki ile niliishi kama alivyoishi yeye mwaka mzima. Nilijiambia ni utani, baba ni mtu wa utani, jani amelipokea na mila haina mlango wa nyuma. Halafu nikiwa katikati ya kushona nilijiuliza, na kama si utani? Niliharibu suruali mbili. Ijumaa nilitazama simu kila baada ya dakika kumi nikiogopa ujumbe, nikasahau kwamba mzee wangu hajawahi kuandika ujumbe maishani mwake.

Jumamosi nilifika saa tisa. Uani kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Kila kimoja kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe cha meza cha marehemu mama. Hapakuwa na mtu. Nikaketi cha kulia, nikaangalia mlango uliofungwa. Nikasubiri. Ng'ombe alinitazama. Shangazi alichungulia juu ya masale, akarudi chini.

Saa kumi kamili mlango ulifunguka. Baba alitoka amevaa suti ya kijivu, amenyoa, na kwenye mfuko wa kifuani, pamoja na zile tiketi mbili, lilikuwa limechomoza jani la sale, limeanza kukauka kwenye ncha. Akaja akaketi kushoto kwangu, akajiweka sawa, akaelekeza mbele lile sikio lake la kushoto kama tulivyopanga siku ile uwanjani.

"Nimekusamehe," alisema.

Nikamwambia asante, baba. Akaniuliza nimesema nini, nikarudia kwa sauti, na mara hii aliitikia kwa kichwa. Tulikaa hapo mpaka jua likashuka nyuma ya migomba, wawili, kwenye viti vya laki moja.